Sauti Haina Maana Peke Yake

Katika solfa, do haina mahali pa kudumu. Mwalimu wa kwaya anaweza kuipandisha au kuishusha kulingana na koo za watu alionao jioni hiyo, na wimbo ukabaki uleule. Kinacholindwa ni umbali: kutoka do hadi mi, kutoka mi hadi so, kutoka so kurudi do. Ukiipiga nota moja kwenye kinanda, kisha ukanyamaza, hakuna atakayeweza kukuambia kama ile ilikuwa do, mi au so. Ni mlio tu. Itapata jina siku itakapopata jirani.

Yeyote aliyefunzwa kuimba kwa solfa katika kwaya za Afrika Mashariki analijua jambo hili kwa masikio, hata kama hajawahi kulitamka. Mfumo huo ulienezwa katika karne ya 19 na Mwingereza John Curwen, wamisionari wakaubeba mpaka huku kwetu. Baadaye Zoltán Kodály aliuchukua na kuujengea mbinu ya kufundishia shule za Hungaria. Na katika nchi ndogo ya Estonia, kwenye ufuko wa Bahari ya Baltiki, mwalimu aitwaye Heino Kaljuste aliupokea, akaupa silabi za kwake kwa ajili ya watoto wa nchi hiyo: jo, le, mi, na, so, ra, di. Mwaka 1951 Heino alianzisha kwaya ya watoto mjini Tallinn, Ellerhein, na miaka 2 baadaye, tarehe 28 Agosti 1953, akapata mtoto wa kiume aliyeitwa Tõnu.

Tõnu Kaljuste alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa muziki wa zama zetu: wa kwaya, wa okestra na wa opera. Alisoma Tallinn na Leningrad. Katika miaka ya 1970 alikabidhiwa kwaya ndogo yenye jina hilohilo la Ellerhein, iliyokuwa ya watu wazima waliokutana kuimba kwa mapenzi, na mwaka 1981 akaigeuza kuwa kwaya ya waimbaji wa kulipwa, Kwaya Ndogo ya Filharmonia ya Estonia. Kuanzia 1978 hadi 1995 aliongoza opera katika ukumbi wa Estonia mjini Tallinn. Mwaka 1993 alianzisha Okestra Ndogo ya Tallinn. Aliongoza pia Kwaya ya Redio ya Uswidi kuanzia 1994 hadi 2000, na kwa muda akaongoza Kwaya Ndogo ya Uholanzi. Mwaka 2014 alipokea tuzo ya Grammy.

Wasifu wa namna hii husomwa haraka, kama orodha ya vyeo. Mimi nimeusoma polepole, kwa sababu ndani yake naona mtu aliyejibu kwa vitendo swali linalotusumbua wengi: maisha hupata wapi maana? Tumezoea kuitafuta mahali pawili. Wengine huichimba ndani ya nafsi, wakiamini kwamba ipo humo imefukiwa na kwamba atakayejijua vya kutosha ataifikia. Wengine huitafuta katika alama watakazoacha: nyumba, jina, kitabu, watoto wanaofanana nao. Muziki wa kwaya unaonyesha mahali pa tatu, na naamini ndipo penye ukweli zaidi. Maana ya mtu iko katika umbali ulio kati yake na wengine, umbali unaosikilizwa na kutunzwa, kama ilivyo kwa nota.

Tuanze na pumzi. Kuna nyakati kwaya hushika nota ndefu kupita uwezo wa pafu lolote la binadamu. Msikilizaji hushangaa, lakini kila mwimbaji anaijua siri yake: hawapumui pamoja. Mmoja hunyamaza kidogo kuvuta pumzi, na jirani yake anaendelea. Akisharudi, anaingia taratibu, bila kishindo, ili jirani naye apate nafasi ya kupumua. Hivyo sauti inazunguka kutoka kifua hadi kifua bila kukatika. Hakuna hata mmoja aliyeiimba nota hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nota imeimbwa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nadhani hapo kuna falsafa nzima. Tunapolalamika kwamba maisha ni mafupi mno kwa jambo kubwa, tunasahau kwamba hakuna aliyetuambia tuliimbe peke yetu. Jambo kubwa lina mahitaji mawili tu: kwamba ninapoimba, niimbe kwa kweli, na kwamba ninaponyamaza, nijue nani anaendelea. La pili ndilo gumu zaidi. Mwimbaji asiyewaamini jirani zake hujikaza mpaka sauti inatetemeka, kisha huvuta pumzi kwa hofu mahali ambapo kila mtu atamsikia. Hofu ya kukatika ndiyo inayoikata nota.

Mwongozaji, katika haya yote, hana pumzi anayoichangia nota hiyo. Mikono yake inapita hewani bila mlio. Wapo wanaodhani basi kazi yake ni kuamuru, na kwa kweli wapo waongozaji waliojenga umaarufu wao kwa kuamuru. Lakini kwaya isiyo na kinanda wala ala yoyote ya kuishikilia haiwezi kuendeshwa kwa amri. Sauti zitashuka taratibu bila mtu kujua. Wimbo ulioanza mahali pamoja utaishia chini ya pale ulipoanzia, na hakuna amri itakayozuia hilo. Kinachozuia ni masikio: soprano wakiisikia besi, tena wakijua wao ni mi ya nani. Mwongozaji mzuri huwafundisha waimbaji kusikilizana mpaka wakaweza kuulinda wimbo hata pale ambapo hawamtazami yeye. Anachojenga ni uhusiano ambao yeye mwenyewe hawezi kuuimba.

Muziki uliomjulisha Kaljuste kwa dunia umejengwa juu ya wazo hili hili, na mtungaji wake ni Mwestonia mwenzake, Arvo Pärt, aliyezaliwa 1935. Mwaka 1968, nchi ikiwa chini ya Wasovieti, kazi ya Pärt iitwayo Credo ilipigwa Tallinn ikiongozwa na Neeme Järvi. Ilikuwa inakiri waziwazi imani ya Kikristo, na baada ya hapo ikapigwa marufuku. Pärt aliingia katika miaka mingi ya ukimya uliokatizwa na kazi chache tu. Alisoma nyimbo za kale za kanisa, akajaza madaftari kwa melodia za sauti moja, akitafuta jinsi nota mbili zinavyoweza kusimama pamoja kwa haki. Mwaka 1976 alitoka na mtindo mpya alioupa jina lenye asili ya Kilatini, tintinnabuli, kwa mlio wa kengele ndogo.

Kanuni yake inaelezeka kwa solfa. Kuna sauti mbili. Ya kwanza inatembea hatua kwa hatua, ikipanda na kushuka kwenye ngazi ya nota, na mara nyingi hesabu ya silabi za neno ndiyo inayoiamulia iende hatua ngapi. Ya pili haitembei. Inabaki na nota tatu tu za akodi moja, na kila sauti ya kwanza inapokanyaga, ya pili hujibu kwa nota iliyo karibu katika hizo tatu. Pärt ameeleza kwamba sauti inayotangatanga kwake ni ya binadamu mwenye dhambi na mateso, na ile inayobaki ni ya msamaha. Mkewe, Nora, alilifupisha jambo hilo kwa hesabu: moja na moja ni moja.

Nikiisikia sauti inayotembea peke yake, siwezi kujua kama imepotea. Ni melodia tu. Inapowekwa karibu na ile isiyoondoka, ghafla kila hatua yake inapata uzito: hapa imekaribia, hapa imekwaruzana, hapa imerudi. Kosa lenyewe linakuwa na maana, kwa sababu sasa lina mahali linapopimiwa. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba uhuru kamili ni kutokuwa na mtu wa kutuuliza tumetoka wapi. Muziki wa Pärt unanifanya nione upungufu wa wazo hilo. Mtu asiye na wa kumuuliza hana pia wa kumwambia karibu tena.

Kaljuste na kwaya yake walikaa na muziki huu kwa miongo mingi. Rekodi yao ya Te Deum ilitoka mwaka 1993. Kisha Pärt akaandika Kanon Pokajanen, kanuni ya toba kwa Kislavoni cha kanisa, kazi ya kwaya peke yake isiyo na ala hata moja na inayozidi saa moja, akaiweka wakfu kwa Kaljuste na kwaya hiyo. Waliiimba kwa mara ya kwanza mwaka 1998 mjini Köln, kanisa kuu la mji huo likiadhimisha miaka 750. Rekodi waliifanyia Tallinn, katika kanisa la Niguliste, ambalo ndege za Kisovieti zililiunguza usiku wa tarehe 9 Machi 1944, usiku uleule uliouteketeza ukumbi wa Estonia. Mwaka 2010 Kaljuste aliongoza kwa mara ya kwanza Kilio cha Adamu, mjini Istanbul, katika kanisa la kale la Hagia Irene. Maandishi yake ni ya mtawa Silouan wa Mlima Athos: Adamu anamlilia Mungu aliyempoteza, na katika kilio chake mna vilio vya watoto wake wote. Rekodi ya kazi hiyo ndiyo iliyopata Grammy.

Hapa lazima nikutane na pingamizi zito, kwa kuwa historia ya Estonia yenyewe inalileta. Kama maana iko katika kuimba pamoja, je, kila kuimba pamoja kuna maana? Waestonia walianza tamasha lao kuu la nyimbo mwaka 1869 mjini Tartu, na tamasha hilo ndilo lililowafundisha kujiona kama taifa kabla hawajawa na dola. Wasovieti walipoitwaa nchi hawakulifuta. Walilichukua. Waliwaacha watu wakusanyike kwa maelfu, wavae mavazi yao ya asili, kisha wakawapa nyimbo za kumsifu Lenin, Stalin na chama. Watu wakaimba. Sauti nne zikakaa mahali pake na akodi zikawa safi. Kwaya inaweza kuimba uongo bila kukosea nota hata moja.

Kwa hiyo uhusiano peke yake hautoshi, na ninayesifu umoja nina wajibu wa kusema ni umoja gani. Katika matamasha hayohayo kulikuwa na jibu. Mwaka 1944 mtungaji Gustav Ernesaks aliandika muziki mpya wa shairi la karne ya 19 la Lydia Koidula kuhusu nchi yake, na wimbo huo ukaimbwa kwenye tamasha la 1947. Baadaye ukanyamazishwa. Mwaka 1960 haukuwa katika ratiba, na waimbaji wakauimba. Jambo hilo lilitokea ubavuni: mmoja akaanza, jirani akasikia, akajiunga, likaenea. Katika umoja wa kulazimishwa macho yote yanatazama mbele na hakuna anayehitaji kumsikia mwenzake. Mdundo unatoka juu na kila mtu anautii kivyake. Katika umoja wa kweli sikio linatangulia kwenda kwa jirani. Maelfu ya watu wanaomtii mmoja bado ni maelfu ya watu wapweke. Mwezi Septemba 1988, watu wanaokadiriwa kufika 300,000 katika nchi yenye wakazi takriban milioni moja na nusu walikutana katika uwanja wa nyimbo wa Tallinn kudai uhuru wao, na tarehe 20 Agosti 1991 uhuru huo ukatangazwa. Hawakufika huko kwa sababu wimbo una nguvu za uganga. Walifika kwa sababu walikuwa wamefanya mazoezi ya kusikilizana kwa zaidi ya karne moja, na zoezi hilo lilibaki mikononi mwao hata wimbo ulipobadilishwa.

Kaljuste ni mtoto wa utamaduni huo, lakini aliuchukua akaupeleka mahali ambapo umati hauendi. Mwaka 1992 ilitoka rekodi ya kwaya yake ikiimba kazi ya Veljo Tormis iitwayo Watu Waliosahauliwa. Tormis, aliyeishi kuanzia 1930 hadi 2017, alizitunga nyimbo hizo kwa karibu miaka 20, kuanzia 1970. Ni mafungu sita, kila fungu la jamii moja: Walivonia, Wavoti, Waizhora, Waingria, Wavepsi na Wakarelia. Wote ni ndugu wa Waestonia kwa lugha, na wote walikuwa wamepungua kwa vita, uhamisho na kumezwa na majirani wakubwa. Tormis alisikiliza nyimbo zao za arusi, za kuamsha ndege, za kuchunga ng'ombe, akaziandikia sauti nyingi bila kuzivua asili yake. Alipenda kusema kwamba si yeye anayeutumia wimbo wa jadi. Wimbo ndio unaomtumia yeye.

Mtu wa mwisho wa kizazi kilichokulia katika lugha ya Kilivonia alifariki mwaka 2013 nchini Kanada, akiwa na zaidi ya miaka 100. Nyimbo za Kilivonia alizozipanga Tormis bado zinaimbwa. Zinaimbwa na Waestonia, ambao Kilivonia si lugha yao, mbele ya wasikilizaji wasioielewa. Swali linakuja lenyewe: kuna maana gani? Wimbo wa kumwamsha ndege asubuhi, uliotoka kwenye kijiji kisicho na msemaji tena, unapoimbwa na waimbaji waliovaa nyeusi kwenye ukumbi wenye taa, umebaki na nini?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na sitaki kulijibu kwa faraja rahisi. Wimbo ule haumrudishi mtu. Lugha haifufuki kwa sababu kwaya imeitamka vizuri. Lakini kama nilichosema kuhusu nota ni kweli, basi umbali kati yetu na waliokwenda nao ni uhusiano, na unaweza kutunzwa au kutelekezwa kama uhusiano mwingine wowote. Mwimbaji anayejifunza silabi za Kilivonia kwa uangalifu, akauliza kila irabu inakaa wapi mdomoni, anafanya kwa wafu kile anachomfanyia jirani yake wa kulia: anawasikiliza kwanza, kisha anaweka sauti yake kwa kuwapima wao. Hajifanyi yeye ni Mlivonia. Anakubali kwamba kuna sauti iliyonyamaza kuvuta pumzi ambayo haikurudi, na kwamba nota haijaisha.

Nyimbo za jadi za Kiestonia zenyewe zimejengwa hivyo. Kiongozi anaimba mstari, na kabla hajaumaliza, kundi linaingia kwenye silabi zake za mwisho na kuurudia wote. Naye anaingia tena kwenye mwisho wao. Mpaka kati ya anayetoa na anayepokea haupo. Kila mwisho umeshikwa na mtu mwingine tayari. Sidhani ni bahati kwamba watu waliotawaliwa na Wadenmaki, Wajerumani, Waswidi na Warusi kwa zamu walihifadhi namna ya kuimba ambayo haiachi pengo la mtu kupotelea.

Kazi ya opera na okestra inaweza kuonekana mbali na haya, na watu wengi huzitenganisha. Mwongozaji wa kwaya, wanasema, anajua pumzi. Wa okestra anajua ala. Wa opera anajua jukwaa. Miaka 17 ya Kaljuste katika ukumbi wa Estonia inanionyesha kwamba ni zoezi moja katika vyumba vitatu. Katika opera wapigaji wako chini shimoni na waimbaji wako juu, wakikimbia, wakilala sakafuni, wakigeuka kuwapa mgongo. Mara nyingi hawaonani, na hata kusikiana ni kwa shida. Mwongozaji ndiye pekee anayewaona wote wawili. Akiwa upande wa shimo tu, mwimbaji ataishiwa pumzi. Akiwa upande wa jukwaa tu, okestra itasambaratika. Kazi yake ni kukaa katikati na kuufanya umbali huo upitike. Alipoanzisha Okestra Ndogo ya Tallinn mwaka 1993, okestra ya ala za nyuzi, kwaya yake ilipata jirani wa kudumu. Fidla haina pafu, lakini upinde una mwanzo na mwisho kama pumzi, na mpigaji aliyekaa kando ya kwaya kwa muda mrefu hujifunza kuuvuta kama mtu anayevuta hewa.

Kuna tendo moja katika wasifu huu linalonifundisha kuliko tuzo zote. Mwaka 2001 Kaljuste aliiacha kwaya aliyoijenga kwa miaka 20. Aliiacha ikiwa kileleni, ikijulikana ulimwenguni kote, ikiwa na kazi zilizoandikwa kwa ajili yake. Aliyeipokea hakuwa Mwestonia: alikuwa Mwingereza Paul Hillier, na mwaka 2007 kwaya ikapata tuzo ya Grammy chini yake, kwa rekodi ya Pärt iitwayo Da Pacem. Baadaye akaja Daniel Reuss kutoka Uholanzi, kisha Kaspars Putniņš kutoka Latvia.

Wapo waanzilishi wengi ambao chombo walichokijenga hakiwezi kusimama bila wao hata mwezi mmoja, nao huliona hilo kuwa ushahidi wa thamani yao. Watu nao huwasifu: bila fulani, hakuna kitu. Naona hiyo ni sifa inayopaswa kututisha. Kama watu uliowaongoza wanaanguka ukiondoka, basi walikuwa wakikutegemea wewe na hawakuwahi kutegemeana, na hukuwafundisha kusikilizana. Kwaya iliyompoteza mwanzilishi wake na bado ikaimba vizuri chini ya mtu wa taifa jingine ilithibitisha kwamba kilichojengwa humo hakikuwa kivuli cha mtu mmoja.

Yeye mwenyewe alikwenda pembeni. Mwaka 2004 alianzisha Nargen Opera, kwa jina la zamani la Naissaar, kisiwa kilicho mbele ya ghuba ya Tallinn. Wenyeji wa kisiwa hicho, Waestonia wenye asili ya Uswidi, walikimbia wakati wa vita. Wasovieti wakakifanya eneo la kijeshi lililofungwa, wakaweka humo kiwanda cha mabomu ya baharini, na maganda ya mabomu hayo yalibaki yakiota kutu msituni. Huko, katika ghala la shamba, Kaljuste alitengeneza jukwaa, na watu wakaanza kuvuka bahari kwa mashua wakati wa kiangazi kwenda kusikiliza. Mwaka 2015 aliongoza muziki wa Pärt katika onyesho lililobuniwa na Mmarekani Robert Wilson ndani ya kiwanda cha Noblessner mjini Tallinn, ambako zamani zilitengenezwa nyambizi za jeshi la Tsar. Kilio cha Adamu kikasikika katika karakana ya vita.

Mahali pia ni jirani. Muziki uleule ukiimbwa katika ukumbi wenye viti vya mahameli na ukiimbwa penye kutu ya mabomu, nota ni zilezile na maana si ileile. Kuna viongozi ambao, wakishapata jina, hutafuta kumbi zinazowafanya waonekane wakubwa zaidi. Kaljuste aliuchukua muziki uliokwisha kupokelewa vizuri akaupeleka mahali palipojeruhiwa, ambapo ulilazimika kujibu jambo fulani. Huo ni uamuzi wa kimaadili, na kwangu unatimiza kile ambacho falsafa ya uhusiano inakidai: kama maana yangu inatokana na walio karibu nami, basi nina wajibu wa kuchagua kukaa karibu na nini, na mara nyingine nichague palipo pagumu.

Mwaka 2021 alirudi kuiongoza Kwaya Ndogo ya Filharmonia ya Estonia, akiwa na umri wa miaka 68 hivi. Wengine wanaweza kuona humo mtu aliyeshindwa kuachia. Naona kinyume chake. Aliyekwisha kuondoka kwa miaka 20 na kuiona kazi ikienda bila yeye hawezi kurudi kama mmiliki. Anarudi kama mmoja wa waliowahi kuishika, akipokea kutoka kwa mwingine, na akijua atamkabidhi mwingine. Baba yake, Heino, alifariki mwaka 1989. Yeye aliwafundisha watoto kupima nota kwa majirani zake. Mwanawe akaifanya elimu hiyo kuwa kazi ya maisha. Waliomfuata wakaibeba kwa lafudhi nyingine.

Kama kuna jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo, ni hili. Maana haipatikani mara moja na kuhifadhiwa. Kwaya bora duniani iliyoimba jana bila doa itashuka leo ikiacha kusikiliza, na tuzo iliyotundikwa ukutani haitaipandisha. Ndivyo ilivyo kwa ndoa, kwa urafiki, kwa kazi ya ofisini, kwa nchi. Tunapohisi kwamba maisha yamepoteza maana, mara nyingi hakuna kilichopotea ndani yetu. Tumeacha tu kuwasikia tulio nao, na sauti yetu imebaki mlio usio na jina. Dawa yake haina fahari. Ni kurudi kwenye mazoezi, kusimama tena mahali pako, kumsikiliza wa kulia na wa kushoto, hai na aliyekwenda, kisha kuimba kwa kipimo chao, kwa pumzi uliyo nayo, ukijua kwamba itakapokuishia kuna mtu uliyemwandaa kuendelea.